Padre Charles Sacleux na Lahaja za Kiswahili

Katika uwanda wa juu wa Ufipa watoto wa shule hutoka pande nyingi. Wengine ni wa Nkansi, wengine ni wa Lyangalile. Wengine hupanda kutoka Kirando na vijiji vya ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, na wengine hutoka katika bonde la Rukwa lenye joto. Wakutanapo Sumbawanga, jambo la kwanza wanaloligundua ni kwamba hawasemi sawasawa. Neno lile lile la Kifipa, huyu hulivuta na yule hulikata. Tena wako Wamambwe na Walungu, ambao lugha zao ni jirani sana na Kifipa, hata mtu husikia nusu na kukisia nusu. Ndipo huanza kicheko. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na pengine hunyamaza mwaka mzima, asithubutu kuinua mkono darasani hata akilijua jibu.

Kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya wale wanaomcheka, yafaa kusimulia habari za mtu mmoja aliyetumia zaidi ya nusu ya maisha yake kusikiliza jinsi watu wanavyotofautiana katika kusema lugha moja. Yeye hakuziona tofauti zile kuwa makosa. Aliziona kuwa mali, akaziandika, akaziweka akiba. Jina lake ni Padre Charles Sacleux.

Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Enquin, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Mtu asikiapo jina la Ufaransa hudhani ya kuwa Wafaransa wote husema lugha moja kwa namna moja. Sivyo. Upande ule wa kaskazini wakulima walikuwa na usemi wao wa kale uitwao Kipikardi, ambao mtu wa Paris huufahamu kwa shida. Magharibi, katika nchi ya Brittany, wavuvi walisema Kibretoni, lugha isiyofanana na Kifaransa hata kidogo. Uingereza nako ni vivyo hivyo: mkulima wa Yorkshire, mvuvi wa Scotland na mchuuzi wa London huweza kusoma kitabu kimoja, lakini wakifungua kinywa kila mmoja hutambulikana kwao ni wapi. Zamani zile, katika shule nyingi za Ufaransa, mtoto aliyesema usemi wa nyumbani kwao aliaibishwa mbele ya wenzake, kwa kuwa serikali ilitaka Kifaransa kimoja tu. Basi nchi aliyozaliwa Sacleux ilijua mambo yote mawili: ilijua utamu wa semi nyingi, tena ilijua aibu wanayotiwa wenye kuzisema.

Kijana huyu aliitikia wito wa Mungu, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapewa upadre. Mwaka 1879, kabla hajatimiza miaka 24, alifika katika pwani yetu, akaanza kazi katika misioni ya Unguja na Bagamoyo.

Misioni ya Bagamoyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868. Mapadre walikuwa wamejenga huko kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa. Watoto waliotekwa kando ya Ziwa Nyasa, na wengine kutoka Uyao, Unyamwezi na Manyema, walikaa pamoja, na kila mmoja alikuwa amekuja na lugha ya mama yake. Na nje ya ua wa misioni palikuwa na mji wenye watu wa kila namna. Majahazi yalikuja na pepo za kaskazi na kusi, yakaleta mabaharia wa Lamu, wa Mvita, wa Pemba na wa Visiwa vya Ngazija. Kutoka bara waliteremka maelfu ya wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani. Masikio yaliyotaka kusikia lugha yasingeweza kupata mahali bora kuliko hapo.

Na watu wa Ufipa wasidhani kwamba Bagamoyo ni mji wa mbali usiowahusu. Njia iliyoanzia hapo ilipita Tabora ikafika Ujiji na nchi za Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo hiyo walikuja Mapadre Weupe, ambao walianza safari yao pwani mwaka 1878, wakafika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea ngome ya Karema, ambayo ndiyo chemchemi ya misioni zote za Ufipa. Kiswahili nacho kilikuja kwa miguu katika njia hiyo, midomoni mwa wapagazi na wafanya biashara. Kwa hiyo Kiswahili kinachosemwa Sumbawanga ni mjukuu wa kile alichokisikia Padre Sacleux.

Alikisikia, na mara akatambua ya kuwa hakikuwa kimoja. Watu wa Lamu walikuwa na Kiamu, watu wa Pate walikuwa na Kipate, na watu wa Mombasa walikuwa na Kimvita. Huko Vanga na Wasini kilikuwako Kivumba, na karibu ya Tanga kilikuwako Kimtang'ata. Watu wa mwambao unaoelekea Unguja walisema Kimrima. Kisiwani Unguja penyewe, mtu wa mjini alisema Kiunguja, lakini mtu wa mashamba ya kusini alisema Kihadimu, na mvuvi wa kisiwa kidogo cha Tumbatu alisema Kitumbatu. Semi kama hizi, zilizo matawi ya lugha moja, huitwa lahaja. Na namna mtu anavyoyatamka maneno huitwa lafudhi.

Kwa nini zikawa nyingi hivyo? Sababu yake si ngumu kuifahamu. Watu wakitengwa na bahari, au na msitu, au na safari ya siku nyingi, kila upande huendelea kusema kwa njia yake. Mabadiliko madogo ya leo huongezeka juu ya madogo ya jana, kama mchanga unavyojaa ufuoni punje kwa punje. Majirani nao hutia lao: watu wa Mvita wamekaa na Wamijikenda, watu wa Lamu wamekaa na Wapokomo, watu wa Bagamoyo wamekaa na Wazaramo na Wakwere. Ndivyo ilivyokuwa hata Ufipa, mahali ambapo mteremko mmoja mrefu watosha kuwatenga watu wa uwandani na watu wa ziwani.

Sasa tutazame mifano michache. Mtu wa Unguja husema macho, mtu wa Mvita husema mato. Wa Unguja husema mchele, wa Mvita husema mtele. Wa Unguja husema nchi, wa Mvita husema nti. Wa Unguja hucheka, wa Mvita huteka. Mjinga akisikia hivyo atasema kwamba watu wa Mvita hawajui kutamka. Mwenye kusikiliza kwa makini ataona jambo jingine: penye ch ya Unguja, Mvita huweka t, neno hili na lile na lile, kwa utaratibu. Vile vile penye nj ya Unguja, Mvita huweka nd: njia huwa ndia, na njoo huwa ndoo. Ukifika Lamu utaona kwamba j ya Unguja mara nyingi hugeuka y au hupotea kabisa: jana huwa yana, jina huwa ina, jiwe huwa iwe. Makosa hayana utaratibu wa namna hii. Mtu anayekosea hukosea leo hivi na kesho vile. Lakini mwenye lahaja hufuata sheria aliyoirithi kwa babu zake, ingawa haikuandikwa popote.

Hili ndilo jambo kubwa lililomo katika kazi ya Padre Sacleux. Aliandika sheria hizo. Kabla yake walikuwako wataalamu wengine, na kazi zao zilikuwa bora. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaandika maneno ya Kimvita. Steere alikaa Unguja, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Kila mmoja aliifuata hasa lahaja ya mahali alipokaa. Padre Sacleux alitaka kuzipanga lahaja pamoja mbele ya msomaji, moja kando ya nyingine, ili zionekane kuwa ndugu.

Kazi hiyo ilihitaji sikio lisilochoka. Mtu wa pwani hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba, kwa maana lile la kwanza hulitamka kwa pumzi yenye nguvu na la pili kwa pumzi ndogo. Lakini katika maandishi ya kawaida maneno hayo mawili ni herufi zile zile. Mtu wa Mvita ana t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na moja ya ulimi kurudi nyuma kidogo, na mgeni huzisikia kama moja. Padre Sacleux alitia alama juu ya herufi na kando yake, ili hata mtu asiyepata kufika pwani aweze kujua neno lasikikaje. Baadaye, mwaka 1905, alitoa kitabu kizima juu ya sauti za lugha na jinsi ya kuzichunguza katika lugha za Afrika.

Tena hakusikiliza maneno ya wanadamu tu. Alikuwa mjuzi wa mimea, akakusanya majani, maua na mbegu za pwani na kuzipeleka kwa wataalamu wa Paris. Katika kukusanya alijifunza majina ambayo wenyeji huita kila mti na kila mmea. Wataalamu walilipa kundi moja la mimea jina la Sacleuxia kwa heshima yake. Kazi hizi mbili zilikuwa kama kazi moja, maana mwenye kukusanya mimea hajali kama ua ni la bustani ya mfalme au la kando ya njia; yote huyatia katika karatasi zake, akaandika lilichumwa wapi. Padre Sacleux aliyafanyia maneno vivyo hivyo.

Siku zake pwani hazikuwa za raha tupu. Mwaka 1888 watu wa pwani, pamoja na Abushiri, waliinuka kupigana na Wadachi waliokuja kutwaa nchi. Bagamoyo uliharibiwa sana, na watu wengi walikimbilia misioni kutafuta usalama. Wakati wa namna hiyo mtu angeweza kusema kwamba habari za herufi na lafudhi ni upuzi. Lakini hata vita vilipokwisha kazi ya lugha haikuachwa. Mwaka 1891 kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilipigwa chapa huko Unguja, katika misioni.

Mwaka 1898, baada ya kukaa karibu miaka 20, Padre Sacleux aliondoka Afrika Mashariki akarudi Ufaransa. Wengi wakirudi kwao huziacha nyuma lugha walizojifunza, kama msafiri anavyoiacha fimbo yake mlangoni. Yeye hakuiacha. Mwaka 1909 alitoa kitabu cha sarufi ya lahaja za Kiswahili. Si sarufi ya Kiswahili kimoja, bali ya lahaja, na jina la kitabu lenyewe ndilo lasema hivyo. Kisha akaendelea na kazi iliyo kubwa kuliko zote, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa. Miaka ikapita kumi, ikapita ishirini, ikapita thelathini. Vita Kuu ya Kwanza ikaja ikaenda. Yeye alizeeka pamoja na maneno yake.

Wakati huo, katika nchi zetu, neno jipya lilikuwa limeanza kusikika: Kiswahili sanifu. Shule zilikuwa zimeongezeka katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na vitabu vilihitajika. Kama kila misioni ingepiga chapa vitabu kwa lahaja yake, kitabu cha Tanga kisingefaa Lamu, na cha Mombasa kisingefaa Sumbawanga. Kwa hiyo mkutano ulifanyika Mombasa mwaka 1928, ikachaguliwa lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza.

Uamuzi ule ulileta faida kubwa. Kwa sababu yake mtoto wa Ufipa aweza leo kusoma kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam au Nairobi pasipo kukwama. Lakini kila faida ina gharama yake. Watu wa Mombasa na Lamu walikuwa na mashairi na tenzi za zamani, kama Utenzi wa Tambuka na Al-Inkishafi na mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyotungwa kabla shule hizi hazijakuwako. Kimvita na Kiamu vilikuwa lugha za washairi. Sasa wenyewe waliona maneno yao yakiachwa nje ya vitabu vya shule, na watoto wao wakiambiwa kwamba waliyojifunza kwa mama ni makosa. Wengine walinung'unika, na kunung'unika kwao kulikuwa na haki.

Mwaka 1939 lilitokea jambo la kukumbukwa. Katika mwaka huo mmoja zilianza kutoka kamusi mbili. Moja ilipigwa chapa kwa Waingereza, nayo ni kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza, ambayo Johnson aliishughulikia hata alipofariki mwaka 1937. Ya pili ilipigwa chapa Paris, nayo ni ile kamusi ya Padre Sacleux, yenye kurasa zaidi ya 1,000. Kamusi ya kwanza ilionyesha Kiswahili kimoja ambacho watu wote wakifuate. Kamusi ya pili ilionyesha Viswahili vyote ambavyo mtungaji aliweza kuvipata, na kando ya maneno ilitia alama ya lahaja: hili ni la Mvita, hili ni la Lamu, hili ni la Ngazija. Johnson alikuwa kama mtu achongaye njia moja pana ili msafara upite. Sacleux alikuwa kama mtu aandikaye vijia vyote vidogo vya kwenda kisimani na shambani, ili visisahauliwe. Msafara wahitaji njia pana. Lakini kijiji hakiishi kwa njia pana peke yake.

Padre Sacleux alipoanza kukiona kitabu chake alikuwa na umri wa miaka 83, na miaka 41 ilikuwa imepita tangu alipoiaga pwani. Akafariki nchini Ufaransa mwaka 1943, wakati dunia imo katika Vita Kuu ya Pili. Zama zile watu wachache tu waliweza kufikiri habari za kamusi ya Kiswahili. Lakini kitabu chema hungoja. Mpaka leo mtaalamu anayetaka kufasiri tenzi za kale za Lamu, akakutana na neno lisilomo katika kamusi za shule, huifungua kamusi ya Padre yule, na mara nyingi hulikuta neno limekaa mahali pake, na jina la kwao limeandikwa kando. Maneno mengine, wasemaji wake wamekwisha kufa. Lakini yeye aliyasikia walipokuwa hai.

Basi, mwanafunzi wa Ufipa, habari hizi zina neno kwako. Kiswahili sanifu ujifunze kwa bidii, ukitamke vizuri na kukiandika vizuri, maana ndicho njia pana ya kukutana na watu wa nchi nzima. Wako watu wa bara ambao ulimi wao hutia l penye r. Wakijizoeza watapata, wala si aibu. Lakini usidhani kwamba ukijifunza kilicho sanifu yakupasa kukidharau cha nyumbani. Kwenye uwanda huu bado yasimama mabaki ya tanuru ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma zamani. Tanuru hiyo huitwa ilungu. Kazi ile imekoma, na mengi ya maneno ya wahunzi yako hatarini kuzikwa pamoja nao. Wakulima wangali wanafukia majani katika vilima vidogo vya mviringo viitwavyo intumba, na kilimo hicho nacho kina maneno yake. Nani ameyaandika yote? Na nani amewahi kuandika jinsi neno moja linavyotamkwa Nkansi, Lyangalile na Kirando?

Utakapokwenda nyumbani wakati wa likizo, chukua daftari na penseli. Keti karibu na bibi yako anapochambua ulezi, umsikilize. Ukisikia neno usilolijua, muulize kwa adabu maana yake, uliandike kama alivyolitamka, na kando yake uandike kijiji chake. Na shule itakapofunguliwa, mwenzako wa kutoka upande wa ziwa akilitamka kwa namna nyingine, usimcheke. Andika la kwake chini ya la bibi yako. Hivyo ndivyo Padre Sacleux alivyopata kitabu chake, neno kwa neno.